Kikombe cha Maji Kabla ya Saini

Usiitoe pini kwenye wosia. Naanza na hilo kwa sababu ninyi vijana mnaonitembelea ofisini hapa Voi, kila mkipewa karatasi mbili zilizobanwa pamoja, mnakimbilia kuzichomoa ili mzipige picha vizuri kwa simu. Wosia ukifika kortini una matundu ya ziada kwenye kona, hakimu atauliza ni ukurasa gani uliotoka na ni upi ulioingia, na mwenye kujibu yuko kaburini. Nimeona ndugu wakitoka kortini kila mmoja na njia yake kwa sababu ya matundu mawili madogo kama macho ya sisimizi.

Najua ninachosema. Nilikuwa karani wa wakili Mombasa kwa miaka thelathini na moja, na diploma yangu ya sheria niliipata kwa masomo ya jioni nikiwa na watoto watatu nyumbani. Imo kwenye fremu, inatazama mlango, ili kila anayeingia aanze nayo. Niliondoka kwetu Mbale, kule milimani juu ya Voi, na jozi moja ya viatu. Nimerudi na gari langu, nikajenga nyumba ya mawe hapa Voi, na hakuna aliyenishika mkono. Watu wa hapa huniita Wakili. Mimi si wakili, lakini sijawahi kumsahihisha mtu kwa hilo.

Mtu mmoja tu huniita Karani. Jina lake Wafula, na habari hii inamhusu yeye kuliko nilivyopenda.

Nitamfikia. Kwanza nimtaje aliyenifundisha, Bi. Zuhura, wakili niliyemfanyia kazi, mama wa Kimombasa aliyevaa miwani miwili kwa pamoja, mmoja wa kusomea na mwingine wa kutazamia watu. Wosia wangu wa kwanza niliuandika kwa taipureta, nakala tatu kwa karatasi ya kaboni, bila kosa hata moja la herufi. Mteja alikuwa baharia mstaafu. Alipotia saini nilimwita mkewe na jirani yao, nao wakatia zao kama mashahidi. Nikampelekea Bi. Zuhura nikisubiri sifa.

Akasoma, akabadilisha miwani, akaniuliza yule mke ameachiwa nini humu ndani. Nikamwambia ameachiwa nyumba.

"Basi umempokonya, mwanangu," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza polepole kwamba anayerithi hapaswi kuwa shahidi, maana saini yake ya ushahidi inaweza kuiangusha zawadi yake mwenyewe. Tulimrudisha mzee ofisini, tukatafuta watu wawili wasiopata hata kijiko, tukaanza upya. Siku hiyo aliniambia jambo jingine ambalo nililichukulia kama maneno ya kupitisha wakati. Alisema humu ndani wino ni wa mteja, na karani akianza kuuona ni wake, aende akauze samaki.

Nimeona mengi. Kijana mmoja wa Rukanga, chini ya mlima Kasigau, alipewa na babake hati ya uwakilishi ili amsimamie mifugo na shamba wakati mzee yuko kitandani. Hati nzuri, niliiandika mimi. Miezi baadaye akanijia na uso mkunjufu, kwamba anataka kumuuzia mtu mbuzi wote, na kwamba baba alizikwa wiki iliyopita lakini hati bado ni mpya kabisa, hajaikunja hata mara moja. Ilibidi nimwambie kwamba hati ya namna hiyo hufa siku moja na aliyeitoa. Uwakilishi ni wa mtu aliye hai. Baada ya kifo anayehitajika ni msimamizi wa wosia, na kama wosia haupo, msimamizi atakayeteuliwa na korti, na safari hiyo huanzia kwa barua ya chifu na haina haraka. Kijana alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemuua babake.

Mwingine alimwandika rafiki yake kuwa msimamizi bila kumuuliza. Rafiki alipata habari matangani, mbele ya familia yote. Alinywa chai yake, akaomba ruhusa ya kujisaidia, akapanda treni ya mchana. Kwa hiyo muulizeni mtu kwanza. Na mumwambie wosia wenyewe umewekwa wapi, si nakala, ule wenye saini.

Sasa nije kwa kaka yangu.

Kaka Righa ndiye aliyebaki Mbale nilipoondoka. Alikuwa na mashamba matatu, kama ilivyo kwetu: moja juu mlimani kwenye baridi, moja katikati, na moja bondeni penye mfereji, kwa sababu mvua ikikunyima huku itakupa kule. Sukari ilipoanza kumla macho na figo, alinipigia simu nipande nikamwandikie wosia. Nililia kidogo, nisiwadanganye, lakini nilifurahi pia. Nilijua nani atakuwa msimamizi. Ni nani mwingine katika ukoo mzima aliyejua tofauti ya hati ya uwakilishi na wosia?

Nilipanda na kompyuta yangu ndogo na shati jeupe. Nilimkuta barazani, na pembeni yake, kwenye kiti ambacho marehemu baba alikuwa akikalia, ameketi mwanamume mnene wa gambuti zenye tope, anamenya muwa kwa meno. Huyo ndiye Wafula. Alitoka magharibi akiwa kijana kuja kufanya kazi kwenye shamba la katani, kazi ya kutenga nyuzi nzuri na mbaya, akaoa kwetu, na alipostaafu akahamia kwa wakwe zake mlimani. Alisoma hadi darasa la saba. Alinisalimu kwa Kidawida safi, lugha yetu ya mlimani, na nilipomjibu nikakwama katikati ya neno, kwa sababu Mombasa ilikuwa imenila lugha.

"Pole, Karani," akasema kwa Kiswahili. "Itarudi."

Mahali hapo ndipo wivu ulipoanza, na nataka muujue ulivyokuwa, kwa sababu katika kazi hii mtakutana nao kila siku machoni mwa watu, na siku moja mtaukuta kwenye kioo. Hauji ukisema jina lake. Kwangu ulikuja kama kuona tope la gambuti kwenye saruji ya baba.

Nilianza kuandika. Shamba la juu kwa Mghanga, mwanawe wa kiume, pamoja na la katikati. La bondeni kwa Wakesho, bintiye, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda, na ambaye ndiye aliyekuwa akimuuguza na kulima mboga huko chini. Niliweka nambari za hatimiliki, ukubwa, mipaka. Nikamsomea. Kazi safi.

"Na maji?" Righa akauliza.

Nikamwambia maji hayana hatimiliki.

"Mwakio, shamba lile bila zamu ya Jumatano ni mahali pa kuanikia nguo."

Wafula hakucheka, nami ningependa angecheka. Alinieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba kila shamba lililo kwenye mfereji lina siku yake ya kupata maji, tangu enzi za babu zetu, na kwamba zamu ya Righa ni Jumatano kuanzia jua linapochomoza hadi adhuhuri, na kwamba zamu isipotajwa, mtu mwingine wa ukoo ataidai, na Wakesho atabaki na vumbi lenye hatimiliki. Haya aliyajua kwa sababu yeye ndiye mlinzi wa mfereji. Wenye mashamba walimchagua. Katika koo zote zilizogombania maji yale, walikubaliana juu ya mtu mmoja tu, yule ambaye hana ukoo mlimani, na tangu wampe kazi hiyo hajawahi kuitwa kwa chifu.

Diploma yangu haikuwa na somo la mfereji. Niliandika zamu ya Jumatano, na kila herufi ilinichoma kidole.

Kisha nikafika kwenye nafasi ya msimamizi. Niliiacha wazi, nikamtazama kaka kwa adabu, mikono juu ya kompyuta, tayari.

"Andika Wafula," akasema.

Wafula alishtuka kuliko mimi. Akasema mzee, mimi ni mgeni hapa, ndugu yako amekaa pale. Righa akamwambia anyamaze, akanigeukia, ingawa macho yake yalikuwa yakitazama kando kidogo ya uso wangu.

"Nikikupa wewe, watoto wangu watakuogopa. Nikimpa yeye, watamuuliza. Nataka mtu wa kuulizwa."

Nikasema sawa. Nikasema nitakwenda Voi kuchapisha, nirudi Jumamosi na mashahidi wawe tayari. Niliteremka mlima kwa gia ya pili, na katika kila kona nilikuwa nikihesabu vitu ambavyo Wafula hakuwa navyo. Hana diploma. Hana gari. Hajawahi kuingia kortini ila kupeleka mbwa wa jirani aliyeuma mtu. Hata suti hana, ana koti moja la mvua ambalo huvaa kanisani. Lakini nilikumbuka nilivyoona watoto wa jirani wakija barazani, wakapita mbele ya shati langu jeupe, wakaenda kumwonyesha yeye kidonda cha mbuzi.

Sasa niwaambie jambo ambalo halimo kwenye vitabu vya sheria. Shahidi wa wosia hushuhudia saini, si yaliyoandikwa. Haisomi ile karatasi na si lazima aijue. Asiyeona husomewa na aliyeiandika. Kwa hiyo mtu mmoja tu mlimani angejua jina lililochapishwa kwenye nafasi ya msimamizi, na mtu huyo alikuwa mimi.

Nilichapisha jina langu. Herufi kubwa, na nambari ya kitambulisho. Nikaibana kwa pini.

Nilijiambia namsaidia. Kwamba ukoo ungemla Wafula mzima mzima. Kwamba kaka ni mgonjwa na sukari hupotosha mawazo. Mnaona jinsi hoja zinavyojipanga zenyewe mstari mmoja mtu akishaamua.

Jumamosi nilikuta mashahidi wamekaa, Mwalimu Mkawasi aliyenifundisha hesabu darasa la nne, na mzee wa kanisa. Wakesho alikuwa jikoni kama nilivyoagiza, maana mrithi hapaswi kuwapo karibu. Wafula alikuwa amesimama mlangoni na gambuti alizoziosha. Nikasoma wosia kwa sauti yangu ya kortini. Nilipofika kwenye msimamizi, nikasoma Wafula, huku macho yangu yakiwa kwenye jina langu. Sauti haikutetemeka. Hilo ndilo linaloniogopesha hadi leo.

Nikamwekea kaka kalamu mkononi. Akaiweka chini.

"Wakesho, niletee maji."

Kwetu Udawidani kuna jambo ambalo wazee walifanya, na wengine bado hulifanya kimya kimya hata baada ya ubatizo. Huitwa kutasa. Kabla ya jambo kubwa la familia, mtu huchukua funda la kinywaji, hulinyunyiza chini kwa mdomo, hutamka kinyongo alicho nacho, hukitoa, kisha huomba heri. Wazee waliamini kinyongo cha ndugu wa karibu kikibaki moyoni huwaumiza watu nyumbani. Mzee wa kanisa alijisogeza kitini. Righa akamwambia ni maji tu ya mfereji, hayajakataza mtu kwenda mbinguni.

Akanywa funda, akalinyunyiza kwenye saruji, taratibu, hadi likaisha mdomoni. Akasema, nilikuwa na hasira na mdogo wangu Mwakio kwa sababu hakuja kumzika mama, alituma rambirambi kwa mkono wa wakili. Nimeitoa.  Kisha akakinyoosha kikombe kuelekea alikodhani niko.

"Na wewe."

Nilikishika. Kilikuwa kikombe cha bati cha mama yetu, kile cha mdomo uliokunjika. Nikanywa funda na nikalishikilia mdomoni, na watu wote wakasubiri ninyunyize na kutamka. Siwezi kuwaeleza jinsi maji yalivyokuwa mazito. Sikuweza kuyanyunyiza na sikuweza kusema neno. Nikayameza.

Chumba kilisikia. Kwetu, kumeza ni jibu: kinyongo kimebaki ndani.

Nikainua karatasi nikasema kuna herufi imekosewa, na mimi si mtu wa kuachia kosa, lazima niende Voi nikachapishe upya. Mwalimu Mkawasi akaniambia, kwa ile sauti ya darasa la nne, kwamba herufi moja angeweza kuirekebisha kwa kalamu na watie saini za mkato pembeni. Nikasema ni herufi nyingi.

Nilikwenda na kurudi. Ile karatasi ya kwanza niliichana ofisini chini ya diploma yangu, na sikuinua macho. Mashahidi walikuwa wamesubiri, wamepewa uji. Wafula alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba, akimsomea Righa Zaburi kwa kukwamakwama. Nilipoingia, kaka akauliza bila kugeuka.

"Herufi zimerekebishwa?"

"Zimerekebishwa."

"Basi kikombe kiko pale."

Nikanywa funda, nikalinyunyiza, na kwa kuwa sikuwa nimefanya hivyo tangu utotoni, nusu ilimwagikia shati jeupe. Kisha nikatamka yote, bila kumtazama mtu. Nilisema nilikuwa na hasira na Wafula kwa sababu kaka yangu anampenda. Nikasema nimeitoa. 

"Karani," Wafula akasema, "hata mimi nilijiuliza amenipendea nini."

Wakacheka. Righa akatia saini yake, ikapanda mlima na kushuka kwenye karatasi, lakini ilikuwa yake. Hakuniuliza kamwe ni herufi gani. Sijui kama alijua. Nimejitahidi kuamini kwamba hakujua, na nimeshindwa.

Alifariki baada ya masika. Kwenye kikao cha ukoo, baba yetu mdogo alisimama akasema binti hapewi shamba la mfereji, kwamba hizo ni desturi za watu wa mjini, na akanitazama mimi nimwunge mkono au nimpinge. Nilijua sheria. Nilikuwa na kifungu mdomoni. Lakini yeye ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikiwa mtoto, na watu arobaini wa damu yangu walikuwa wakiningoja. Nikatazama sakafu.

Wafula akainuka. Hakutaja kifungu chochote. "Aliniambia mwenyewe nikiwa nimekaa pale. Shamba la Wakesho, na Jumatano ni yake. Mkiona nadanganya, mfufueni mumuulize." Akaketi. Mama mmoja wa pembeni akacheka, kisha baba mdogo mwenyewe, na jambo likaisha hapo. Kama jina kwenye ile karatasi lingekuwa langu, Wakesho leo angekuwa anaanika nguo.

Makaratasi ya korti nilimfanyia Wafula mimi mwenyewe, kwa sababu alikuja ofisini na mfuko wa plastiki akaniambia Karani, huku ni kwako, mimi nitashika mwavuli. Nilimwonyesha pa kutia saini. Alitia ulimi nje kidogo akiandika, kama mtoto wa shule, na nikamwonea wivu hata huo ulimi.

Kwa hiyo mnaponiuliza, vijana, mtu amchague nani, nawaambia msinitazame mimi na fremu yangu. Mjuzi wa sheria mtamlipa aandike, hilo ni rahisi, na mje kwangu maana hakuna anayeandika kama mimi kuanzia hapa hadi Taveta. Msimamizi ni kitu kingine. Tafuteni ambaye watoto wenu humwonyesha kidonda cha mbuzi. Awe mdogo kwenu kwa umri, awe karibu, asiwe na kipande chake katika mnachogawa, na awe na uwezo wa kusema hapana mbele ya wazee na bado aalikwe chai.

Wosia wangu nimeuandika mwezi uliopita. Nyumba ya mawe, gari, kiwanja cha Ndara, na diploma, ambayo nimemwachia mjukuu anayeitaka kwa ajili ya fremu. Nilifika kwenye nafasi ya msimamizi nikakaa nayo kuanzia chai ya saa nne hadi chakula cha mchana. Wanangu wote wana shahada. Mmoja yuko ng'ambo.

Wafula bado huniita Karani. Bado kila mtu sokoni humsimamisha yeye kwanza, hata tukiwa tumetembea pamoja, na bado wivu unaniuma. Nimeandika jina lake, herufi kubwa, na nambari ya kitambulisho. Safari hii hakuna aliyeninyooshea kikombe.